Siku Tuliyokosa Mwisho wa Mwenye Mbao

Mimi nilimchukia Mwenye Mbao tangu siku ya kwanza alipotokea kwenye televisheni yetu, na hadi leo sijamsamehe. Alikuwa mhusika mkuu wa kipindi cha maigizo kilichokuja mara tatu kwa wiki, saa moja na nusu jioni, taarifa ya habari ikiisha. Jina alilopewa na watunzi hakuna aliyelitumia kijijini kwetu Kimulot. Alikuwa na viwanda vya kupasua mbao, basi tukamwita Mwenye Mbao, na jina likamkaa.

Dhambi zake nazikumbuka kuliko ninavyokumbuka mafungu ya Biblia. Alimdhulumu ndugu yake shamba la urithi. Alikataa kwenda harusi ya binti yake kwa sababu bwana arusi alikuwa fundi wa viatu. Mkewe alilazimika kuzungumza naye kupitia kwa msichana wa kazi: "Mwambie chakula kiko mezani." Mwanawe wa kwanza, aliyethubutu kumpinga mbele ya wafanyakazi, alimfukuza na nguo alizovaa. Kisha mtu huyohuyo angemkuta kikongwe ananyeshewa barabarani, asimamishe gari, amvike koti lake, halafu ajifungie ofisini alie peke yake. Hapo ndipo vita vilipoanzia, kwa sababu wako waliosema mtu anayelia hawezi kuwa mbaya. Mimi nilisema fisi pia hulia.

Vita vyenyewe vilipiganiwa senta. Kwa asiyetoka nchi ya chai, senta ni kibanda cha mabati kilicho wazi pande zote, chenye meza ndefu, ambako wakulima wadogo hupeleka majani waliyochuma na kungoja lori la kiwanda. Lori lina saa zake. Laweza kuja saa nane, laweza kuja magharibi, na huwezi kujiendea nyumbani kwa sababu karani lazima ayakague majani yako ukiwa umesimama hapo. Muda tulikuwa nao. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na kazi ilikuwa haijapatikana, kwa hivyo nilichuma chai na wazazi wangu asubuhi, na mchana nikawa wakili wa kujitolea dhidi ya Mwenye Mbao.

Tulibishana kwa Kiswahili, maana nusu yetu pale ni Wakipsigis na nusu ni watu waliovuka kutoka upande wa Kisii zamani wakakaa, wakazaa, wakazikana hapahapa. Upande wangu ulikuwa na mama wa chapati, mama Mkisii aliyepika kando ya senta na ambaye hakumwogopa mtu yeyote.

"Huyo mwanaume ako na roho ya mawe," alisema akigeuza chapati kwa vidole. "Bibi yake anakaa kwa nyumba kama mgeni. Mimi ningetoka kitambo, na sufuria zangu."

Karani wa kupima majani, kijana aliyetoka Kapsoit, hakuwa na upande. Kazi yake ilikuwa kuchochea. "Lakini buda ni wa kujituma, mathe. Si uliona vile alianza na msumeno moja?"

Upande wa pili ulikuwa na wazee karibu wote, na kiongozi wao alikuwa mwenyekiti wa senta. Mwenyekiti wa senta alikuwa baba yangu.

Baba alimtetea Mwenye Mbao kwa bidii ambayo kanisani hatukuwahi kuiona. "Nyinyi mnaangalia nyumba tu, hamwangalii vile ilichengwa," alisema kwa lafudhi yake ya Kikipsigis. "Usione vyaelea, vimeundwa. Sasa mtoto akikosea baba yake heshima mbele ya watu, baba afanye nini? Ampikie chai? Hapana. Hapana kapisa." Watu walicheka, lakini kwa heshima, kwa sababu baba alikuwa mtu wa kuheshimiwa pale.

Heshima hiyo ilitoka kwenye mkono wake. Majani ya chai yakishindiliwa kwenye gunia na kuachwa, huanza kupata joto ndani kwa ndani, kisha huwa mekundu, na kiwanda hakiyataki tena. Ndiyo maana kazi ya kwanza ukifika senta ni kufungua gunia na kumwaga majani mezani ili yapumue. Baba alipita akitia mkono katika gunia la kila mtu hadi kwenye kiwiko, akatulia kidogo, akisikiliza joto. "Fungua," angesema. "Inaungua." Majani yake mwenyewe hayakuwahi kukataliwa tangu nizaliwe, na alipenda kulitaja jambo hilo.

Kila mtu pale alijua kwa nini alimtetea Mwenye Mbao, na hakuna aliyelisema. Miaka mitatu kabla ya hapo, baba alienda kwenye matanga ya jamaa yetu akakaa wiki nzima. Kaka yangu, kifungua mimba, akang'oa mistari mitatu ya chai iliyopandwa na babu kando ya njia, akapanda miche ya avokado. Alisema chai imetuvunja migongo vizazi viwili na yeye hataki kuwa wa tatu. Hakumuuliza mtu. Baba aliporudi alisimama njiani akiwa bado na koti la matanga, akatazama yale mashimo, akasema majirani wakisikia: "Mimi sina mtoto anayeng'oa baba yangu."

Kaka aliondoka jioni hiyo akaenda Sotik, ambako alikuwa na rafiki aliyefanya naye kazi ya kutengeneza televisheni na kufunga madishi. Baba aling'oa avokado zote. Alibakiza moja nyuma ya zizi la ng'ombe. Kila asubuhi alipita hapo kwenda kukamua, bega lake likigusa matawi, na mama alipomuuliza mbona ule umesalia, alisema hajauona. Baba alikuwa na kipaji cha kutoona kitu alichotaka kibaki.

Dishi la kwenye paa hakuliona vilevile. Kaka ndiye aliyelifunga, zawadi ya Krismasi ya mwaka ule wa mwisho aliokuwa nyumbani. Mara tatu kwa wiki baba alimtazama Mwenye Mbao kwa hisani ya mtoto aliyemfukuza, na sisi tukanyamaza.

Mama hakubishana senta wala nyumbani. Yeye alikuwa na vibuyu vyake. Kila mwezi alisugua kibuyu kimoja kwa mkaa wa mti wa senetwet, akajaza maziwa, akakiweka pembeni mbali na vingine. Hatukuhitaji kuuliza ni cha nani. Mursik, maziwa hayo yakishaganda, ikiiva mwenyewe asitokee, tuliinywa sisi, naye akaanza kusugua kingine. Nilimtaka kaka yangu arudi, na nilimkasirikia baba kiasi kwamba nilimtukana Mwenye Mbao mchana kutwa ili nisimtukane yeye.

Kipindi kilipobakiza wiki moja kiishe, mwana wa Mwenye Mbao alipata mtoto na hakumwalika baba yake kumwona mjukuu. Kesho yake senta iliwaka moto. Ilikuwa mchana wa jua kali lisilo la kawaida kwetu. Baba na mimi tulifika tukatua gunia letu karibu na nguzo, na kabla sijalifungua nilikuwa nimeshasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Anastahili. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu."

"Anastahili nini?" baba akaniuliza. "Kunyimwa damu yake?"

Mama wa chapati aliweka chini mwiko wake. "Mwenyekiti, nikuulize tu. Huyu mtu unamtetea hivi, ni ndugu yako? Ama ni wewe?"

Karani aliacha kutafuna chapati yake. Nilidhani baba angeondoka, lakini alisimama, akaanza kusema. Alisema mtoto hapewi shamba, anafundishwa shamba. Alisema mwanamume akikosewa mbele ya watu hawezi kusamehe sirini. Alimtaja Mwenye Mbao hapa na pale, kisha mahali fulani Mwenye Mbao alipotea na baba akabaki peke yake.

"Nilimwonyesha kuchuma akiwa mdogo hivi," alisema, mkono wake ukiwa chini ya goti. "Nilimwonyesha mpaka wa shamba. Angeniuliza tu! Kama angeniuliza, mimi ningekataa, halafu siku ya pili ningekupali. Aniulize tu!"

Mama wa chapati alikuwa akijifuta uso kwa leso, nami nilikuwa nimesimama mdomo wazi, kwa sababu katika miaka mitatu sikuwa nimesikia hata neno moja kati ya hayo. Lori lilipiga honi huko chini kwenye kona. Watu wakaanza kupanga foleni, na hapo ndipo nilipoona gunia letu bado limefungwa kwenye jua.

Karani alilifungua, akatia mkono, akautoa haraka. Majani yalikuwa yamekuwa mekundu hadi katikati na yalinuka kama kitu kilichopikwa. Kijana wa watu akatazama chini. "Mwenyekiti, leo tutapitisha tu. Tutachanganya na ya wengine."

"Kataa," baba alisema.

"Mwenyekiti..."

"Ukipitisha yangu utapitisha ya nani kesho? Kataa."

Karani akakataa. Tulilibeba gunia tukarudi nalo nyumbani, baba mbele, mimi nyuma, tukapita kila boma la njia ile. Mimi ndiye niliyepaswa kulifungua, na nilimwambia hivyo, nikaomba msamaha. Hakunigombeza. Tulipofika shambani aliyamwaga majani chini ya miti ya chai, pale mistari mitatu ya babu ilipokuwa, akayatandaza kwa mguu.

"Yalikuwa mazuri asubuhi," alisema.

Alhamisi ya wiki hiyo tulipigwa na mvua ya mawe. Huku kwetu mvua ya mawe si habari, lakini hii ilichana majani ya chai kote bondeni hata ikawa karibu hakuna cha kuchuma, na upepo wake ukalipinda dishi. Mwisho wa Mwenye Mbao ulikuwa Ijumaa. Jioni hiyo ya Alhamisi televisheni ilibaki na rangi ya buluu na maandishi kwamba hakuna mawimbi, na baba aliitazama hivyo hivyo hadi muda wa taarifa ya habari ukapita.

Asubuhi alinikuta jikoni. "Piga simu fundi aje."

"Fundi yupi, baba? Yule wa hapa sokoni?"

"Hapana. Yule aliyeifunga." Akachukua ndoo yake ya maziwa. "Mtu akifunga kitu, yeye ndiye anajua vile alifunga."

Mama, aliyekuwa akikoroga uji, hakugeuka, lakini mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Nilikimbilia nyuma ya zizi na simu. Nilikosea kubonyeza mara mbili. Kaka alipopokea nilimweleza maneno ya baba.

"Amesema mimi?" akauliza.

"Amesema fundi."

"Sawa. Mwambie fundi anakuja."

Alifika saa tisa alasiri na mkoba wa spana begani, amenenepa kidogo, ana ndevu. Mama alimshika mikono yote miwili uani. Baba hakutoka. Alikuwa ameketi mbele ya televisheni tangu saa nane, amevaa shati la kanisani. Kaka alimwamkia kutoka mlangoni, baba akaitikia bila kugeuza shingo, na kaka akachukua ngazi akapanda juu.

Mimi nilisimama sebuleni nyuma ya baba. Tulisikia viatu juu ya mabati, kisha chuma kikikwaruza chuma. Haikupita dakika kumi, picha ikaja. Ilikuwa safi kuliko ilivyokuwa kabla ya mvua; mtangazaji alikuwa akicheka na meno yake ungeweza kuyahesabu.

"Imeshika?" kaka aliita kutoka juu.

Baba alimtazama mtangazaji. "Bado," alisema.

Nikafungua mdomo. Baba aliinua kidole kimoja, bila kunitazama, nikaufunga.

"Nimezungusha. Sasa?"

Picha haikutikisika hata kidogo. "Bado. Zungusha tena kidogo."

Wakaendelea hivyo alasiri nzima. Mabati hayazuii sauti, na katikati ya bado moja na nyingine baba alianza kuingiza mambo yake. Huko Sotik kumenyesha? Kumenyesha. Mawe? Hapana, maji tu. Basi zungusha upande wa msitu. Nimezungusha. Bado. Unakaa kwa nyumba ya kupanga? Ndiyo, baba. Inavuja? Haivuji. Uko na bibi?

"Bado," kaka alisema.

Mama aliyekuwa ameingia na kusimama kando yangu alijiziba mdomo kwa kanga. Sijui kama alikuwa akicheka au akilia. Mimi nilikuwa nikifanya vyote viwili.

Gari la mwisho la kuteremkia Sotik hupita barabarani kwetu kabla ya saa kumi na mbili. Tulisikia honi yake ikiita abiria, ikanyamaza, kisha injini ikaishia kule chini. Baba aliinamisha kichwa akisikiliza mpaka akahakikisha limeenda.

"Sasa imeshika," aliita. "Shuka, utanyeshewa."

Saa moja na nusu tulikuwa tumeketi wote wanne. Mama alikuwa ameleta kimnyet, ugali wetu, na kile kibuyu cha pembeni, na kaka alikuwa mahali pake pa zamani, karibu na dirisha. Muziki wa kipindi ulianza. Senta nzima ilikuwa ikitazama, kila mtu kwake, tukijua kwamba jioni hiyo Mwenye Mbao atakwenda kwenye lango la mwanawe. Baba alichukua rimoti, akapunguza sauti hadi ikaisha.

"Ile avokado iko nyuma ya ng'ombe," alisema, akimtazama kaka kwa mara ya kwanza. "Matawi yake yana wadudu. Kesho uiangalie. Mimi sichui dawa yake."

Kaka aliweka chini tonge alilokuwa ameshika. "Nitaiangalia, baba."

"Na ile nafasi ya kando ya njia," baba alisema, akasita, akanywa mursik kwanza. "Tutaongea."

Waliongea. Waliongea juu ya udongo na mbolea na ndama aliyekufa mwaka uliopita, na mama aliwaongezea chakula hata pale sahani zilipokuwa zimejaa. Mimi peke yangu niligeuka mara moja nikaona, bila sauti, Mwenye Mbao amesimama mbele ya lango jeusi, mkono umeinuliwa kubisha. Kisha kaka akanichokoza kuhusu nywele zangu, nikageuka kumjibu, na nilipokumbuka televisheni tena kulikuwa na tangazo la sabuni.

Kesho yake senta ilijaa watu ingawa majani yalikuwa machache. Walikuwa wakingojea uamuzi wa mwenyekiti. Mama wa chapati hakumpa hata nafasi ya kutua gunia. "Haya mzee, tuambie. Ile mwisho ilikuwa haki ama haikuwa haki?"

Baba alifungua gunia lake, akayamwaga majani mezani, akayatawanya kwa viganja vyote viwili. "Mimi sikuona," alisema. "Nilikuwa na mgeni."

Mama wa chapati alinitazama. Nilimwonyesha kwa macho barabara, ambako kaka alikuwa akija na gunia la mama mgongoni. Alichukua chapati ya moto, akaikunja, akaiweka mkononi mwa baba, na baba alipotia mkono mfukoni akampiga kidogo kwenye kiwiko. "Hii si ya kuuza," alisema.

Baba tulimzika mwaka juzi. Mimi sasa nafundisha Kapsoit, na ninapokwenda nyumbani napita senta. Watu bado wanangoja lori, lakini kila mmoja ameinamia simu yake anatazama kipindi chake, na huwezi kubishana na mtu ambaye hamtazami kitu kimoja. Naukumbuka ule ugomvi wa kila mchana kiasi kwamba wakati mwingine nataka kusimama katikati ya meza zile nimtukane Mwenye Mbao kwa sauti, nione nani atamtetea. Mwisho wake siujui hadi leo. Nikitafuta naweza kuupata, lakini sijatafuta.

Mwezi uliopita tulibadilisha mabati ya nyumba. Kaka, ambaye alirudi nyumbani na sasa ana watoto wawili na avokado kando ya njia, alipanda kuliteremsha lile dishi lililoliwa na kutu. Alipotua nalo chini alitoa kwenye mkoba wake kidude kile mafundi hutumia kutafutia mawimbi, akamwonyesha mwanawe mkubwa kinavyofanya kazi: ukiyapata mawimbi, kinalia.

"Siku ile ulikuwa nacho?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nacho."

"Kililia saa ngapi?"

"Hata sikuwa nimekaza skrubu ya pili."

"Na ukakaa juu ya paa mpaka gari likaenda?"

Kaka alikizima kile kidude, akakirudisha mkobani. "Si baba alisema bado," akasema.